Radi ndani ya chupa: msemo wa Kiingereza unaotafsiriwa nusu

Jumamosi moja nilikuwa kibanda umiza, mechi ya Ligi Kuu ya England inaendelea, mtangazaji akasema kwamba timu fulani iliwahi kukamata "lightning in a bottle". Kijana wa benchi la mbele, ambaye siku zote ndiye hutufasiria, akageuka akasema: "Anasema uwanja wao uliwahi kupigwa na radi." Watu wakaguna kwa huruma. Mzee mmoja akapinga. Alisema hicho ni kinywaji, kuna pombe kali inaitwa hivyo. Ubishi ukachukua dakika tano nzima, bao likafungwa nusu yetu hatukuliona.

Wote wawili hawakuwa na maana iliyokusudiwa, ingawa mmoja wao, kama nitakavyoonyesha, alikuwa ameshika kipande cha ukweli. Msemo huu unasikika sana siku hizi kwenye mpira, kwenye filamu, kwenye mahojiano ya wanamuziki na wafanyabiashara. Tafsiri zake za Kiswahili ninazozisoma huishia kwenye neno moja, bahati. Bahati ni sehemu tu ya maana, tena si sehemu kubwa.

Kukamata radi kwenye chupa, kwa Kiingereza cha leo, ni kufanikiwa katika jambo gumu kupita kiasi, ambalo hutokea kwa nadra, na ambalo hata aliyelifanya hawezi kuahidi kulifanya tena. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa. Tajiri anayejenga ghorofa la nane baada ya kujenga saba hajakamata radi, anajua anachofanya. Aliyeshinda mchezo wa kubahatisha naye hajakamata radi, maana hakuna alichokifanya zaidi ya kununua tiketi. Msemo unamhusu mtu wa katikati, aliyejiandaa, akaenda penye hatari, na kwa dakika ile moja mambo yote yakakubali.

Kuelewa kwa nini Kiingereza kilichagua radi na chupa, tuanze na neno letu wenyewe. Kiswahili kina ngurumo, ambayo ni sauti. Kina radi, ambayo ni pigo lenyewe lenye kuua mtu na kupasua mti. Na kina umeme, ule mwanga unaomemeteka mawinguni. Sasa tazama: neno umeme ndilo hilo hilo tunalolitumia kwa kinachowasha taa na kuendesha friji. Kenya wengi husema stima, lakini hata huko ukisema umeme unaeleweka. Mtoto wa Kiswahili hukua akijua, bila kufundishwa na yeyote, kwamba cha mawinguni na cha kwenye waya ni kitu kimoja. Kwa watu wa Ulaya na Marekani wa karne ya 18 hilo lilikuwa swali gumu ambalo halijathibitishwa, na lugha zao zilikuwa na maneno mawili yasiyohusiana kabisa. Msemo tunaouzungumzia unatoka kwenye picha ya watu waliokuwa wakijaribu kujibu swali hilo kwa chupa mkononi.

Chupa ni ya kweli. Umewahi kuvua sweta la nailoni gizani ukasikia linatatarika na kuona vicheche? Huo ni umeme wa msuguano, na wataalamu wa zamani waliutengeneza kwa kuzungusha mpira wa kioo au wa salfa na kuusugua kwa mkono. Shida ilikuwa moja: ukishautengeneza unatoweka, hakuna pa kuuweka. Oktoba 1745, Ewald von Kleist, mtu wa kanisa huko Pomerania, alitumbukiza msumari kwenye kichupa cha dawa, akaupitishia umeme kutoka kwenye mashine yake, kisha akaugusa msumari. Akapigwa shoti. Miezi michache baadaye, mji wa Leiden nchini Uholanzi, Profesa Pieter van Musschenbroek na wenzake wakalikuta jambo hilo hilo kwa njia yao, wakitumia chupa ya maji. Musschenbroek aliandika kwamba mwili wake wote ulitikisika kama wa mtu aliyepigwa na radi, na kwamba asingerudia hata kwa kupewa ufalme wa Ufaransa.

Ni yeye mwenyewe aliyeitaja radi, na hakuwa akitunga msemo wowote, alikuwa akieleza maumivu.

Chombo hicho kikaitwa chupa ya Leiden. Baadaye kilitengenezwa kwa kuvikwa jaribosi, yaani karatasi nyembamba ya madini, ndani na nje, kioo kikiwa katikati, na waya ukipita kwenye kizibo. Kama umewahi kupeleka feni kwa fundi akakwambia "kapasita imekufa", basi umeshakutana na mjukuu wake: tabaka mbili za kupitisha umeme, kitu kisichopitisha kikiwa katikati, na chaji inakaa hapo ikingoja njia ya kutokea. Ndiyo maana fundi mzuri wa televisheni hagusi ovyo ndani ya seti hata kama imechomolewa ukutani. Huko Ufaransa, mwaka 1746, padri Jean-Antoine Nollet aliwashikanisha mikono walinzi 180 wa mfalme mbele ya Louis wa 15, akapitisha shoti ya chupa hiyo, na wote wakaruka kwa pamoja. Umeme ulikuwa umepata nyumba, ila ulikuwa umeme wa kusugua kioo. Wa mawinguni bado.

Hapo ndipo anapoingia Benjamin Franklin wa Philadelphia, mchapishaji wa magazeti aliyependa majaribio. Mwaka 1750 alipendekeza njia ya kupima kama mawingu ya mvua yamebeba umeme: simamisha fimbo ndefu ya chuma mahali pa juu, uone kama itatoa cheche. Wafaransa wakamtangulia kulifanya. Tarehe 10 Mei 1752, katika kijiji cha Marly, jaribio lililoandaliwa na Thomas-François Dalibard lilitoa cheche kutoka kwenye fimbo wakati wa mvua. Franklin, kwa maelezo yanayotokana na yeye mwenyewe, alirusha tiara mwezi Juni mwaka huo huo kabla habari za Ufaransa hazijavuka bahari, na gazeti lake likachapisha maelezo ya jaribio hilo tarehe 19 Oktoba.

Hadithi ya tiara hiyo imepotoshwa kila mahali, hata kwenye vitabu vya shule, kwa hiyo nitaieleza polepole. Tiara, au kishada kama wengine wanavyoita, ilitengenezwa kwa kitambaa cha hariri ili isichanike kwa mvua. Juu ilichomekwa waya mkali. Uzi wake ulikuwa wa katani, unaopitisha umeme ukilowa. Chini ya uzi akafunga utepe wa hariri, na utepe huo ndio aliouchukua mkononi, akisimama chini ya paa ili usilowe, kwa sababu hariri kavu haipitishi. Pale uzi na utepe vilipokutana akaning'iniza ufunguo. Wingu likapita, nyuzinyuzi za katani zikasimama kama nywele za mtu aliyeshtuka, Franklin akasogeza kidole chake kwenye ufunguo, cheche ikaruka. Kisha ikaja sehemu inayotuhusu: kupitia ufunguo ule, chupa ya Leiden ingeweza kujazwa chaji, na umeme huo wa mawinguni ukifanya kila kitu ambacho umeme wa kusugua kioo hufanya.

Tiara haikupigwa na radi. Ingepigwa, Franklin angekufa papo hapo na tusingekuwa na hadithi. Alichokusanya ni chaji iliyotambaa kutoka hewani chini ya wingu, kidogo kidogo. Picha maarufu zinamwonyesha akiwa na mtoto mdogo. Mwanawe William alikuwa kijana wa miaka ya ishirini. Na yeyote anayedhani jambo hili lilikuwa mchezo amkumbuke Georg Wilhelm Richmann, mwanasayansi wa St. Petersburg, ambaye mwaka 1753 alikuwa akipima umeme wa mawingu kwa fimbo iliyoingia nyumbani mwake. Radi ilimuua hapo hapo mbele ya chombo chake. Picha ile ile, nia ile ile, na mwaka mmoja na miezi michache tu ya tofauti kati ya anayesifiwa na anayezikwa.

Je, basi msemo ulizaliwa siku ya tiara? Makala nyingi husema hivyo moja kwa moja, nami nadhani zinaruka hatua. Franklin alitoa picha. Maana ilichukua muda mrefu kufika ilipo, na njiani ilipitia mahali ambapo yule mzee wa kibanda umiza alikuwa anapakumbuka.

Katika Kiingereza cha karne ya 19, radi ya kwenye chupa ilikuwa jina la utani la pombe kali. Charles Dickens, kwenye riwaya yake Nicholas Nickleby iliyotoka kwa sehemu kati ya 1838 na 1839, anaye mzee mwenye akili zilizovurugika ambaye anaagiza aletewe radi ya chupani, bilauri safi na kizibuo. Hakuna aliyefikiria mawingu. Watu wetu nao huipa gongo, chang'aa na lotoko majina ya vitu vinavyopiga na kuchoma, kwa hiyo mzee wetu alikuwa sahihi kwa karne moja na nusu iliyopita. Amechelewa tu.

Maana ya leo ilikomaa Marekani, kwenye mchezo wa besiboli, katikati ya karne ya 20. Jina linaloambatana sana na msemo huu ni la Leo Durocher, kocha mwenye mdomo wa Brooklyn Dodgers wa miaka ya 1940. Kwa watu wa besiboli wa wakati huo, kukamata radi kwenye chupa kulikuwa kujaribu jambo lisilowezekana: kumtegemea mchezaji aliyechoka arudishe makali yake kwa msimu mmoja, au kutaka timu dhaifu ishinde kwa miujiza. Lilikuwa onyo, kama mtu wetu anavyoambiwa anatwanga maji kwenye kinu.

Kisha maana ikageuka. Michezo ina tabia ya kukanusha maonyo. Ikitokea kweli timu dhaifu imeshinda, utasemaje? Utasema: wameikamata. Sentensi iliyokuwa ikisema haiwezekani ikaanza kusema wamefanya lisilowezekana, na kutoka uwanjani ikahamia kwenye muziki, sinema na biashara. Maana zote mbili bado ziko hai. Ukisikia "usijaribu kukamata radi kwenye chupa", ni ya kwanza. Ukisikia "walikamata radi kwenye chupa", ni ya pili. Kitenzi na wakati wake ndivyo vitakavyokuonyesha, na mfasiri asiyevitazama atapotosha.

Wapo wanaoeleza asili ya msemo kwa vimulimuli, wale wadudu wa kuwakawaka usiku. Kiingereza cha Marekani huwaita kwa jina lenye radi ndani yake, na watoto wa huko huwakamata na kuwatia kwenye chupa za kioo. Maelezo ni matamu lakini hayakai. Kimulimuli hukamatwa na mtoto yeyote mwenye subira ya dakika kumi, na kesho yake anakamata wengine. Msemo unaohusu nadra hauwezi kujengwa juu ya jambo ambalo kila mtoto wa kijiji anaweza.

Picha hii ina nguvu kwa sababu nyingine pia, na hapa naomba tuhesabu kama watu wa LUKU, wanaonunua umeme kwa uniti. Radi moja hupasha hewa joto la nyuzi 30,000 hivi, takriban mara tano ya uso wa jua. Mtu angedhani ukiikamata moja utawasha mji. Makadirio ya kawaida huipa radi nishati ya takriban jouli bilioni 1, ambayo ni karibu uniti 280. Nyumba inayotumia uniti 70 kwa mwezi ingezimaliza kwa miezi minne. Si kidogo, ila si mali ya kuendesha kiwanda. Ukali wa radi unatokana na kwamba yote yanatolewa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na karibu yote huishia kuwa joto, mwanga na ngurumo. Kabla hujafikiria chupa, imeshakwisha. Mafanikio yanayoitwa kwa jina hili yana tabia hiyo hiyo: yanamulika kila kitu, na unapogeuka kuyatazama giza limesharudi.

Mfano ninaoupenda hauko mbali. Mwaka 2003, Kenya ilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Nairudia kwa sababu vijana wengi hawaamini. Timu iliyoongozwa na Steve Tikolo iliingia kwenye mashindano hayo ikiwa miongoni mwa zile zinazotarajiwa kurudi nyumbani mapema. Tarehe 24 Februari, kwenye uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, ikawafunga Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa 1996, kwa mikimbio 53, yaani pointi za kriketi. Collins Obuya, kijana mrusha mpira wa kuzungusha, aliangusha wachezaji watano wa Sri Lanka huku akiruhusu mikimbio 24 tu. Kenya ikawashinda pia Canada, Bangladesh na Zimbabwe. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, miezi michache baada ya shambulio la Kikambala, karibu na Mombasa, na pointi zao wakapewa Kenya. Tarehe 20 Machi, Durban, India ikawasimamisha kwa mikimbio 91. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Test, zile ndefu za siku kadhaa za mataifa makubwa ya kriketi, kufika hatua hiyo.

Baada ya hapo? Kombe la Dunia la 2011, Kenya ilipoteza mechi zake zote sita. Mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja.

Nimeusikia msemo ukitumiwa kwa timu ile kwa maana ya "walibahatisha", na hapo ndipo ninapokasirika. Pointi za New Zealand zilikuwa bahati, sawa. Ile mipira ya Obuya haikuwa bahati; mtu hawaangushi Wasri Lanka watano kwa kuotea. Tikolo alikuwa mpigaji ambaye angecheza timu yoyote duniani. Tiara ilikuwa imeshatengenezwa, hariri na katani vimeshapimwa, ndipo wingu likapita. Kilichokosekana baadaye ni chupa: uongozi wa kriketi uliojaa migogoro, wachezaji waliogombana na waajiri wao juu ya malipo, vijana wa kurithi ambao hawakuandaliwa. Radi ilikamatwa, kizibo hakikuwepo.

Leicester City ya Uingereza ni mfano ambao wapenzi wa mpira watautaja mara moja. Ilikuwa ya 14 msimu wa 2014/15, ikachukua ubingwa wa 2015/16 wakati kampuni za kubashiri zilikuwa zimeiwekea 5,000 kwa 1, yaani shilingi 1,000 izae milioni 5. Msimu uliofuata ikawa ya 12, na kocha Claudio Ranieri alikuwa ameshafukuzwa kazi Februari. Mwaka 2023 ikashuka daraja. Ndiyo timu ambayo mtangazaji wa Jumamosi ile alikuwa akiizungumzia.

Kuna msemo mwingine wa Kiingereza unaochanganywa na huu, ule wa kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili. Watu huunganisha: kumbe ndiyo maana mafanikio hayarudi! Si kweli kwa maana ya msemo, na si kweli kwa radi yenyewe. Jengo la Empire State jijini New York hupigwa takriban mara 20 na kitu kila mwaka. Na ndugu zetu wa Kabare, Kivu Kusini, wanaoongea Kiswahili chao kizuri chini ya mawingu yale, hawahitaji kuambiwa: watafiti waliochambua miaka 16 ya takwimu za setelaiti ya NASA walitangaza mwaka 2016 kwamba eneo lao hupata wastani wa radi 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, la pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233. Radi inarudi. Kinachokuwa kigumu kurudia ni kuwepo pale na tiara hewani na chupa mkononi bila kuuawa.

Sasa mfasiri afanye nini? Kiswahili kina utajiri hapa, lakini kila neno linavuta upande wake. Ngekewa ni neno zuri la kale linalostahili kurudi midomoni mwa watu, ila linasema bahati peke yake. Nyota ya jaha inampa mtu hali ya kudumu, kinyume kabisa na radi. Kuokota dodo chini ya mnazi kunakaribia, kwa sababu ya mshangao wake: nani alitegemea embe chini ya mti wa nazi? Lakini muokota dodo alikuwa akipita njia tu, hakurusha chochote. Kwa wale wanaoiga mafanikio ya mwingine wakategemea yatawafikia, wazee wameshasema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, na sidhani kama Kiingereza kina kitu kinachokata vizuri hivyo.

Kwa hiyo mimi nafasiri kwa kutazama sentensi. Penye onyo, natwanga maji kwenye kinu. Penye sifa, naacha picha kabisa naandika wazi: "walifanya jambo ambalo hata wao hawataweza kulirudia". Ni ndefu, najua, na wanaoandika maneno ya chini ya filamu wana nafasi finyu. Kwao, "maajabu ya mara moja" hutosha. "Radi kwenye chupa" neno kwa neno ningeiepuka, maana kwa msomaji wetu radi ni kifo na mabati yaliyoezuliwa, na atafikiri mtu amepatwa na msiba, kama walivyofikiri benchi la mbele.

Wiki iliyofuata nilimkuta yule kijana nikamweleza habari ya Leicester, Franklin na ufunguo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Kwa hiyo Kenya ile ya kriketi, mrushaji aliitwa nani?" Nikamwambia Obuya. Akaandika jina kwenye simu yake, na kabla mechi haijaanza alikuwa ameshaipata video ya Gymkhana, benchi zima limemzunguka.